Ukuta wa Mto Usio na Maji

2 Agosti

Tumepata! Simu imeita nikiwa nimeinama kwenye beseni la nguo, povu hadi viwikoni, nikaipokea kwa kidole kidogo. Mwanamke wa upande wa pili hakuwa mtu wa kupoteza maneno. "Naongea na mwenyekiti wa kikundi cha mtoni? Ombi lenu la ruzuku limekubaliwa. Nitafika wiki hii kueleza masharti." Akakata kabla sijashukuru.

Nikakimbia na povu langu mpaka kwa fundi cherehani, katibu wetu. Alikuwa na pini mdomoni. Alipiga yowe, na namshukuru Mungu hakumeza hata moja.

Naandika haya ili binti yangu ayasome akirudi kutoka bweni, ajue mama yake alishinda wapi. Mto wetu, mwanangu, unaujua, ni mto wa jina tu. Mvua ikinyesha unakuja kwa kishindo, unazoa udongo wa mashamba yetu, kisha unapita. Miezi inayobaki ni mchanga mtupu, na maji tunayafuata chini ya mchanga, kila mwaka chini zaidi. Sasa tutajenga ukuta wa zege, ukingo hadi ukingo. Mafuriko yataleta mchanga, mchanga utalala nyuma ya ukuta, na maji yatajificha ndani ya mchanga, jua lisiyaone. Huku juu kwenye miteremko tutachimba matuta na mitaro, udongo wa mtu ubaki kwa mwenyewe.

Baba yako alirudi jioni. Nikampa habari. Akasema, "Hongera, mama watoto," akanawa uso, akaomba chai. Hakuuliza hata ukuta utakaa wapi. Yeye kazi yake ni kuchota mchanga huo huo na kuupeleka mjini kwa wajenzi.

5 Agosti

Afisa wa ruzuku amefika. Mwembamba, viatu vya vumbi, hakutaka kiti. Alisimama mbele yetu akataja masharti kama mwalimu anayeita majina. Mawe na nguvu kazi ni juu yetu. Saruji, nondo na fundi mwashi ni juu ya ruzuku. Mwenye shamba mteremkoni achimbe matuta kabla ya mvua. Na la mwisho, "Kuanzia kwenye kona kubwa hadi kivukoni, mchanga hauchotwi. Hata kwa karai. Ukuta unaokusanya mchanga na lori linalouondoa haviwezi kuishi mto mmoja."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, ila sikujua macho niyaweke wapi.

Fundi cherehani akaniinamia. "Umemwambia?"

"Nani?"

"Usijitie hamnazo."

Kabla jua halijazama, afisa alikuwa ameshapewa jina. Mama Masharti.

6 Agosti

Nimemwambia. Alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo ilikuwa nje, kwa hiyo niliiambia miguu.

"Baba watoto, mfadhili amekataza mchanga. Kwenye ile sehemu yetu."

Miguu ikatulia. "Mfadhili anakula wapi?"

"Sijui anakula wapi."

"Basi hali hapa. Nipe spana, hiyo ndogo."

Nikampa. Mazungumzo yakaishia hapo.

9 Agosti

Mawe. Kutwa nzima mawe.

12 Agosti

Mawe tena, na mitaro shambani kwetu. Ardhi imekauka hadi jembe linadunda. Mikono yangu haikunji vidole.

15 Agosti

Mama mkwe amekuja kunitazama nikichimba. Alisimama kwenye kivuli cha nyumba, mikono nyuma, akasubiri nichoke kwanza.

"Nasikia unamzuia mwanangu kazi."

"Si mimi Mama, ni masharti ya ruzuku."

"Ruzuku haikuolewa hapa. Wewe ndiye uliyeolewa hapa." Akaugusa mtaro kwa ncha ya kiatu. "Na huu umepinda."

Akaenda zake. Nilikasirika mpaka nilipopima. Ulikuwa umepinda.

20 Agosti

Lori limetoka alfajiri. Nimejifanya nimelala. Sijui nani kati yetu anamdanganya mwenzake.

27 Agosti

Siku ngumu. Acha niiandike yote.

Mama Masharti alikuja bila taarifa. Tulikuwa tumepanga mawe vizuri kwenye ukingo, lundo kubwa, na mwashi alikuwa ameshapiga kamba mahali pa msingi. Tukashuka naye mtoni, kundi zima, tukicheka. Alitaka kuona mahali ukuta utakapokaa.

Tulipopita kona kubwa kicheko kikakatika. Mchangani kulikuwa na alama za matairi, mbichi, kingo zake hazijaanza hata kumomonyoka. Mbele yake shimo la kutosha kufukia nyumba. Koleo moja limesahaulika limechomekwa pembeni.

Mama Masharti alichuchumaa akaigusa alama ya tairi. "Haya ni ya nani?"

Mto mzima unajua lori la mume wangu. Tairi lake moja la nyuma limeisha meno, linaacha alama laini kama limevuta godoro. Nikaona wenzangu wanatazama miguu yao. Walikuwa wananisitiri. Wangeweza kusema ni malori ya mjini, maana na yenyewe huja. Fundi cherehani alikuwa ameshafungua mdomo, na namjua, uongo wake ungekuwa umeshonwa vizuri.

Lakini nikafikiri, nikianza hivi, kila akija nitatunga jipya. Na ukuta wenyewe nitauambia nini?

"Ni ya mume wangu," nikasema.

Mama Masharti aliinuka polepole akajipangusa magoti. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema fedha zinasimama hapo zilipo. Saruji haitaletwa. Mto ukinyamaza, malori yakikoma, tumpigie simu aje aone kwa macho yake. Usiponyamaza, mvua zikianza msingi haujamwagwa, ruzuku itahamia bonde jingine lililokuwa nyuma yetu kwenye foleni.

"Mwenyekiti," akaniita kabla ya kupanda gari. "Asante kwa jibu."

Niliona kama ananisanifu.

28 Agosti

Mkutano. Mama mmoja wa ng'ambo ya kivuko alisimama, kashika kiuno. "Mwenyekiti anajenga mto mchana, mumewe anauuza asubuhi. Sisi tunabeba mawe ya nini?"

Alikuwa anasema kweli. Nikasema niko tayari kuachia kiti.

Fundi cherehani akauliza, "Tukimwondoa, malori yataondoka?"

Akazungusha macho safu hadi safu.

"Basi tusipoteze muda."

Nikawaambia fedha imesimama ila majembe hayakusimamishwa na mtu. Mwashi ameshapiga kamba. Kesho tuanze kuchimba msingi wenyewe, siku saruji ikiruhusiwa ikute shimo linaisubiri. Wengine waliguna. Lakini asubuhi watakuja, nawajua.

29 Agosti

Walikuja. Hata yule wa kushika kiuno.

Jioni mume wangu alirudi ameshasikia yote. Aliweka funguo mezani kwa sauti.

"Umenitaja mbele ya watu."

"Nimeulizwa."

"Ungenyamaza."

"Wote walinyamaza. Ungeona aibu ya kunyamaziwa na watu wote."

Akakaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hakupiga kelele. "Nikiacha mimi," akasema, "wale wa mjini watachota mpaka mwamba. Mto utaisha vilevile, tofauti ni kwamba mimi sitakuwa nimepata kitu. Halafu nitafanya nini? Tangu ujana najua kitu kimoja, kupakia na kuendesha. Huyo binti unayemwandikia daftari anasomeshwa na nini? Na mchanga."

Nilikuwa nimemwona mkaidi tu wiki zote hizi. Leo nimemwona mtu aliyeogopa. Kumwelewa hakukunifanya nikubaliane naye. Kumeniondolea tu raha ya kumkasirikia.

3 Septemba

Msingi umefika kiunoni. Joto kali.

4 Septemba

Mwamba! Jembe la fundi cherehani limelia kama kengele.

8 Septemba

Mama mkwe alikwenda kuchota maji mchana, peke yake kama kawaida yake, hataki kusindikizwa. Siku hizi kisimani mtu hainami tena. Anateremka ndani ya shimo, anachota kwa kata, kisha anajivuta juu. Aliteremka. Ukingo ukamomonyoka nyuma yake, njia ya kupandia ikaziba.

Tulimkuta tulipotoka kwenye msingi. Tuliona kwanza ndoo, halafu vidole kumi vimeng'ang'ania mchanga unaoporomoka. Maji na tope vilimfika mapajani. Tulimtoa kwa kufunga kanga pamoja. Hakuumia, ila alikuwa anatetemeka na hakutaka tumtazame. Nikawaambia wenzangu wageuke, nikamvisha kanga yangu kavu.

Njiani hakukubali nimbebee ndoo.

Mume wangu aliporudi, mama yake alikuwa amekaa mlangoni.

"Leo ulikuwa wapi saa za mchana?"

"Kwenye kona, Mama. Napakia."

"Mimi nilikuwa shimoni, hapo chini ya kona. Nilikuita." Akafunga kanga vizuri kifuani. "Injini yako ndiyo iliyonijibu."

Sijawahi kumwona mume wangu akikosa mahali pa kusimama ndani ya nyumba yake mwenyewe.

9 Septemba

Lori halijatoka.

11 Septemba

Halijatoka. Mwenyewe anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sikumuuliza kitu.

14 Septemba

Malori ya mjini yamekuja, matatu, yamejaza wapakiaji wanaoimba. Habari ilitufikia mapema, tukashuka wote kwenye mteremko wa kuingilia mtoni tukakaa njiani. Sisi tulikaa chini. Mama mkwe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati kabisa, anachambua maharage kwenye ungo. Hakuna aliyemwalika.

Dereva wa mbele akatoa kichwa. "Shikamoo bibi. Tunaomba njia."

"Marahaba. Subiri nimalize."

"Utamaliza saa ngapi?"

"Yana mawe mengi."

Watu wakaangua kicheko. Dereva hakucheka. Akashuka, akaanza kusema mto si wa mtu, kwamba wao wana haki kama sisi, kwamba hata mume wa mwenyekiti anachota. Wapakiaji wakaanza kuruka chini na makoleo. Nilisimama. Sauti ilitoka nzima. "Alikuwa anachota. Kuanzia kona mpaka kivukoni hakuna anayechota tena. Nenda kaulize ofisi yoyote unayotaka, utatukuta hapa ukirudi."

Hapo tukasikia lori lingine nyuma yao. Lile naamka nalo kila alfajiri, siwezi kulikosea. Nikajua amekuja kupanga foleni.

Akayapita malori ya mjini kwa pembeni, matairi nusu kwenye majani, akaja akaligeuza lake likakaa mkingamo, kichwa ukingo huu, mkia ukingo ule. Njia ikaisha. Akazima, akashuka.

"Bosi, vipi tena?" dereva akamuuliza. Wanajuana, wamekunywa chai pamoja miaka.

"Limezimika."

"Si umelizima mwenyewe?"

"Limechoka," akasema mume wangu. Akafungua boneti, akafungua betri, akaibeba begani kama mtoto mchanga, akaenda kukaa chini karibu na ndoo ya mama yake. Mama mkwe hakumtazama. Alisogeza ungo kidogo, na yeye akaanza kuchambua.

Waliondoka wakitutukana. Sisi tuliwaaga vizuri.

Nilipomsogelea kumshukuru aliinua mkono. "Usinishukuru. Bado nina hasira."

21 Septemba

Walijaribu tena. Wakalikuta lori palepale. Wakageuza wenyewe.

26 Septemba

Mama Masharti amekuja, amepita mto wote kwa miguu. Shimo la kona limeanza kulegea kingo. Akafika kwenye msingi wetu, akatazama chini, akaona mwamba umefagiliwa safi. "Nani aliwaambia mchimbe?"

"Hakuna aliyetukataza," nikasema.

Nikaona jambo ambalo sikudhani lipo. Mama Masharti ana mwanya, na anacheka. Saruji inakuja wiki ijayo.

1 Oktoba

Nilifikiri shida zimeisha. Lundo letu la mawe halitoshi, na ruzuku ina fungu la kukodi lori la kuleta mengine kutoka mlimani. Nikasema, lori lipo, dereva yupo, amekaa wiki tatu bila kazi kwa ajili yetu. Mama Masharti akatikisa kichwa. "Mume wa mwenyekiti hawezi kulipwa na fedha ya kikundi."

"Hata kama yeye ndiye aliyefunga njia?"

"Hasa yeye."

Nikamwambia basi najiuzulu leo, alipwe kesho. Akafunga daftari lake. "Dada yangu, mimi nimeona miradi mingi ikifungwa kwa macho yangu. Hakuna hata mmoja uliokufa kwa kukosa saruji. Yote ilikufa siku watu walipoanza kunong'ona. Ukijiuzulu leo ili mumeo alipwe kesho, wataanza leo jioni."

Nilimchukia. Kisha nikiwa njiani nikagundua ni mara ya kwanza ameniita dada, na kwamba ile asante yake ya siku ya matairi ilikuwa asante kweli.

Mume wangu alisikiliza akiwa anafunga kamba za turubai. "Ruzuku yako ilininyima mchanga. Sasa inaninyima na mawe." Akavuta fundo. "Kuna kiwanda cha matofali mjini kinatafuta lori. Nitalala huko huko."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wanichoke."

2 Oktoba

Ameondoka na lori, mteremko sasa tunaukalia kwa zamu. Ameacha maji yamejaa kwenye pipa.

5 Oktoba

Saruji imefika, na mawe ya mlimani kwa lori la mtu mwingine. Mama mkwe amehamia kwangu "kuangalia nyumba." Ananiangalia mimi.

10 Oktoba

Zege. Tulipanga mstari kutoka ukingoni, karai mkono kwa mkono. Mwashi anapiga kelele kwamba zege halisubiri umbea. Mama wa kushika kiuno alikuwa mbele yangu kwenye mstari kutwa nzima. Jioni akanipaka mafuta mikononi bila kuniomba ruhusa.

17 Oktoba

Ukuta umetoka chini, umefika magotini. Mwashi anasema mwaka huu tuishie kifuani, tuache mto ulete mchanga, mwaka ujao tuongeze. Mimi nilitaka wote kwa mara moja. Mwashi akanijibu kwamba hata mtoto huanza kwa kukaa.

24 Oktoba

Mawingu. Kila mtu anatazama juu.

25 Oktoba

Tumemfunika ukuta magunia, tunamwagilia zege maji lisipasuke. Maji tunayachota kwa kata, kwenye shimo. Tunaunywesha ukuta kabla ya watoto. Mama mkwe hajalalamika.

(Nimeandika "tumemfunika" kama ukuta ni mtu. Naacha hivyohivyo.)

2 Novemba

Umefika kifuani. Mwashi ameosha vifaa vyake.

6 Novemba

Mvua imenyesha milimani tangu alfajiri. Kwetu haikudondoka hata tone, lakini kabla ya adhuhuri tulisikia ule mngurumo, tukashuka sote mbio. Mto ulikuja kahawia, mbele yake umesukuma matawi na mapovu. Ulipougonga ukuta, maji yaliruka juu kuliko mtu. Fundi cherehani alinishika mkono akaubana hadi kucha zikaingia. Sikuuona ukuta tena. Kulikuwa na mgongo wa maji tu mahali ulipokuwa, laini, unapita. Hatukujua kama chini yake kuna kitu au hakuna.

Ndipo nikaona lori la mume wangu ng'ambo ya pili. Alikuwa anarudi nyumbani, kivuko kimejaa, hana pa kupita. Alisimama kwenye ukingo wake, mimi kwenye wangu. Kupiga kelele kulikuwa kazi bure. Baadaye simu ikaita mfukoni.

"Umesimama?"

"Nani, mimi au ukuta?"

"Wote wawili."

"Mimi nimesimama. Huo siuoni."

"Mimi nauona kwa huku," akasema. "Maji yanavunjika sawasawa, ncha hadi ncha. Kungekuwa na pengo yangevutika upande mmoja. Upo." Nikasikia mto mara mbili, sikioni na mbele yangu. "Upo, mama watoto. Nenda ndani, utapata mafua."

Hatukwenda ndani, si mimi wala yeye. Alisimama pale mpaka maji yalipoanza kupungua.

7 Novemba

Ukuta una mkwaruzo mmoja. Nyuma yake mchanga umejaa nusu, mweupe, umechekechwa na Mungu mwenyewe. Mitaro yetu ya mteremkoni imejaa udongo uliokuwa uende zake. Mume wangu amevuka asubuhi, ameushika mchanga, ameuacha uchuruzike kati ya vidole. Amesema ni wa daraja la kwanza. Amesema hivyo kama mtu anayemsifu mchumba wa mwenziwe.

19 Novemba

Tunawaza awamu ya pili. Mama Masharti amesema ombi lizingatie jambo moja, mto uwe na mlinzi. Hana mshahara, ana filimbi tu, na neno lake lisikilizwe.

Tukakutana kumchagua. Mume wangu akainuka nyuma kabisa, kofia mkononi. Akasema anawajua wachota mchanga wote, njia zao na saa zao, na kwa sababu kazi haina malipo, hata undugu na mwenyekiti haudhuru kitu. Aliongea vizuri. Nilijivuna.

Mama wa kushika kiuno akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, tunakupenda. Lakini fisi hata akitubu hapewi mbuzi mwaka wa kwanza."

Watu walicheka, naye akacheka, lakini masikio yalimwiva. Tukapiga kura kwa mikono. Alishindwa. Aliyeshinda ni mama yake, ambaye alipokabidhiwa filimbi aliipuliza palepale, watoto wakakimbia.

Nyumbani mume wangu alikula ameinamia sahani. Mama mkwe alikuwa nje anafanya mazoezi.

"Na wewe," akaniuliza bila kuinua macho, "mkono wako ulikuwa upande gani?"

Ningeweza kusema nilikuwa nahesabu kura, sikuwahi kupiga.

"Wa kukataa."

Alitafuna. Alimeza. Filimbi ililia tena huko nje.

"Hata mimi ningekataa," akasema. "Niongeze maharage."